Darubini ya kuona gizani: mwongozo kamili wa kuchagua, kupima na kutumia ukiwa Kigoma

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu anaingia dukani, anakuta boksi limeandikwa 30x60, lenzi nyekundu zinameta kama makaa, na muuzaji anamhakikishia kwamba inaona mchana na usiku. Analipa. Usiku anatoka nje pale Mwanga au Ujiji, anaielekeza juu, anakutana na weusi na nyota mbili tatu zinazorukaruka. Wiki ya pili darubini iko juu ya kabati.

Macho yake hayana tatizo, na anga la Kigoma ni zuri kuliko la miji mingi. Alichonunua ni ukuzaji, na gizani kinachotafutwa ni mwanga.

Darubini inayozungumzwa humu ni ile ya macho mawili, ya kushika mkononi. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukikosa muda wa zote, usiruke ya 2 na ya 5, maana huko ndiko pesa nyingi hupotea.

## Onyo kabla ya lolote

Kigoma jua huzama ziwani, upande wa milima ya Kongo, na wengi hupenda kulitazama likiwa jekundu. Usilielekezee darubini jua hata kwa sekunde moja, hata likiwa limegusa maji. Lenzi ya milimita 50 hukusanya mwanga mara 50 hivi kuliko mboni ya jicho iliyopanuka kabisa, kisha huumimina wote nyuma ya jicho. Sehemu ile haina hisia ya maumivu, hivyo hutajua kama umeungua mpaka baadaye, na kovu lake halifutiki.

Miwani ya jua, filamu ya eksirei na kioo kilichopakwa masizi havikulindi. Subiri jua lizame lote. Kama kuna watoto, darubini isiachwe mezani mchana bila mtu mzima.

## Vifaa vya kuandaa

- Rula yenye milimita zinazosomeka vizuri
- Karatasi nyeupe
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali
- Biti za drili za mm 5, mm 6 na mm 7, azima kwa seremala
- Kitambaa chekundu na mpira wa kufungia, kwa ajili ya kufunika tochi usiku
- Kipulizio cha mpira cha kamera na kitambaa laini cha miwani
- Kiti cha kuegemea, au mkeka na mto
- Simu, kwa kikokotoo tu

## Hatua ya 1: Sema utatazama nini na ukiwa wapi

Andika sentensi moja. "Nyota, nikiwa uani." "Mitumbwi inayorudi Kibirizi jua likishazama." "Ndege na sokwe, na nyota mara moja moja." Aliye ndani ya boti na aliyekaa kwenye kiti hawahitaji darubini moja, hata kama wote wanatazama gizani.

Kigoma ni mji wa mpakani wenye bandari na uwanja wa ndege. Usielekeze darubini kwenye kambi, bandari au meli za doria, mchana wala usiku.

## Hatua ya 2: Zielewe namba mbili

Kwenye 10x50, namba ya kwanza ni mara ngapi darubini inakuza. Ya pili ni kipenyo cha kila lenzi ya mbele, kwa milimita.

Lenzi ya mbele ni kama beseni la kukingia mvua: kadiri mdomo unavyokuwa mpana ndivyo linavyokinga zaidi. Kinachohesabika ni eneo, kwa hiyo lenzi ya mm 50 haikingi mwanga mara mbili ya lenzi ya mm 25. Inakinga mara nne. Ndiyo maana zile ndogo za mfukoni, nzuri sana mpirani, hufa kabisa giza likiingia.

Sasa gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. Jibu ni upana wa mwale unaotoka nyuma kuingia jichoni mwako. Tuuite *duara la mwanga*.

- 7x50: mm 7.1
- 8x42: mm 5.25
- 10x50: mm 5
- 15x70: mm 4.7
- 10x42: mm 4.2
- 10x25: mm 2.5

Mchana mboni ya jicho huwa na mm 2 au 3, na duara la mm 2.5 hulitosha. Gizani mboni hufunguka, na duara dogo huliacha jicho na njaa: unaona picha kubwa iliyofifia. Kwa kazi ya usiku tafuta duara la kati ya mm 4 na mm 7. Chini ya mm 4, rudisha boksi rafuni.

Sasa lipime lile boksi la 30x60 kwa hesabu hii. Hata namba zake zingekuwa za kweli, duara ni mm 2 tu. Kwa usiku limeshashindwa kabla hujalifungua.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja duara la mwanga la darubini yoyote iliyo rafuni bila kumuuliza muuzaji.

## Hatua ya 3: Pima mboni yako

Kijana mboni yake inaweza kufikia mm 7 gizani. Umri ukisogea, misuli ya jicho hulegea, na wengi waliovuka miaka 40 au 50 hubaki na mm 5 au 6, wengine pungufu. Jambo hili linabadilisha ununuzi wako, kwa hiyo lipime.

Kaa nje gizani dakika 30 bila kugusa simu. Chagua nyota angavu. Funga jicho moja. Shika biti ya mm 5 wima kwa upande wake laini, sentimita 2 mbele ya jicho lililo wazi, huku ncha kali ikiwa juu kabisa na mbali na uso. Isogeze taratibu ikatize mbele ya nyota.

Nyota ikipotea kabisa biti inapokuwa katikati, mboni yako haizidi mm 5. Ikiendelea kuonekana, mwanga unapita pembeni, maana yake mboni ni pana kuliko biti. Panda hadi mm 6, kisha mm 7.

Sababu ya usumbufu wote huu: mwenye mboni ya mm 5 akinunua 7x50, mwale wa mm 7.1 hauingii wote. Unaomwagika nje ya mboni umepotea. Anabeba uzito wa 7x50 na kupata mwanga wa 7x35.

## Hatua ya 4: Chagua saizi

10x50 ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi wanaotaka nyota kwanza. Duara la mm 5 linaingia jichoni mwa kijana na mwa wazee wengi. Inakuza vya kutosha kuonyesha miezi ya sayari ya Mshtarii (Jupita), na bado inashikika. Uzito wake huwa gramu 800 hadi kilo moja. Baada ya dakika chache mikono huanza kusema, na hatua ya 8 inahusu hilo.

8x42 ni ya mtu anayetaka darubini moja kwa kila kitu. Ni nyepesi, haitetemeki sana, na inaonyesha eneo pana. Kwa anayekwenda Gombe au Mahale, ambako chini ya miti giza huwahi kuliko nje, hii ndiyo. Anayevaa miwani naye aanze na hii.

7x50 ni ya majini. Ukuzaji mdogo humeza mtikisiko wa boti, na duara la mm 7.1 ni pana kiasi kwamba chombo kikiyumba jicho halipotezi picha. Ni nzuri kwa anayesubiri mitumbwi au anayesafiri ziwani wakati wa magharibi. Kwa nyota, inunue tu kama mboni yako imefika mm 6 au 7.

15x70 inavutia sana, na inaonyesha mengi. Lakini ina uzito wa kilo 1.4 na zaidi, na mtikisiko wa mkono nao unakuzwa mara 15. Bila stendi ni mateso. Kama bajeti haitoshi vyote viwili, chukua 10x50.

Zenye kubadilisha ukuzaji, zile za "zumu", ziache. Zina vioo vingi vya ziada vinavyokula mwanga, eneo linaloonekana ni jembamba kama bomba, na ni nadra macho mawili kubaki sawa ukizungusha. Ziache pia zisizo na gurudumu la fokasi, yaani la kurekebisha ukali wa picha: nyota zinahitaji fokasi kali kuliko kitu kingine chochote.

Maneno "usiku na mchana" kwenye boksi hayana maana. Darubini ya kioo haitengenezi mwanga, inaukusanya tu. Kifaa cha kweli cha kuonea gizani kinatumia betri na ni kitu kingine kabisa.

### Upana wa kuona

Kwenye mwili wa darubini huandikwa digrii, kwa mfano 6.5°, au mita kwa umbali wa mita 1000, kwa mfano 114 m. Digrii moja ni mita 17.5 kwa umbali huo. Kwa 10x50 tafuta 6° au zaidi. Kwa 8x42, 7° au zaidi. Eneo likiwa jembamba utapotea angani, hutajua unatazama nyota gani.

### Wanaovaa miwani

Uliza umbali ambao jicho linaweza kukaa nyuma ya lenzi na bado kuona duara lote la picha. Uwe mm 15 au zaidi. Kunja au zungusha vikombe vya mpira viingie ndani, vaa miwani yako, tazama: ukingo wa duara uonekane mweusi na mkali pande zote. Kama kasoro yako ni ya kuona mbali au karibu tu, unaweza kuvua miwani na kuacha fokasi ifanye kazi. Mwenye astigmatizimu (kasoro ya mpindo wa jicho) abaki na miwani yake, maana fokasi haiwezi kuisahihisha.

## Hatua ya 5: Vipimo vya dukani

Mwambie muuzaji kwa heshima: "Kaka, naomba nitoke nayo hapo nje niijaribu dakika kumi." Muuzaji anayekataa kabisa ameshakujibu.

Rula juu ya lenzi ya mbele. Pima kioo chenyewe, si fremu, na usiguse kioo. Boksi likisema 50, kioo kiwe mm 50 au karibu sana. Zile za 30x60 mara nyingi hukutwa na kioo cha mm 20 na kitu.

Ukuzaji wa kweli. Shika darubini urefu wa mkono, elekeza kwenye anga nyeupe mbali na jua, tazama lenzi ya jicho, yaani ile ya nyuma ya kuchungulia. Utaona kiduara cheupe kinaelea, ndilo lile duara la mwanga la hatua ya 2. Weka rula juu yake bila kugusa kioo usome. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa kipenyo cha kiduara: jibu ndilo ukuzaji. Kioo cha mm 24 na kiduara cha mm 3 ni mara 8, hata boksi likitangaza 30.

Umbo la kiduara. Angalia vizuri hicho kiduara. Kikiwa mviringo kamili, cheupe mpaka ukingoni, prizimu za ndani (vipande vya kioo vinavyogeuza picha) ni nzuri. Mara nyingi huwa zimeandikwa BaK-4. Kikionekana kama almasi au mraba, na vivuli vya kijivu pembeni, ni prizimu za bei nafuu, kwa kawaida BK-7, na sehemu ya mwanga inakatwa. Kiamini kiduara kuliko maandishi, kwa kuwa maandishi hupakwa na yeyote.

Utando wa lenzi. Kioo kitupu hurudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso. Darubini yenye nyuso 10 zisizo na utando hubakiza kama theluthi mbili ya mwanga. Zikiwa 16, hubakiza kama nusu. Utando mzuri hupunguza hasara ya kila uso hadi chini ya asilimia moja. Maandishi ya kutafuta ni Fully Multi-Coated au kifupi chake FMC, yaani kila uso umepakwa tabaka nyingi.

Hakikisha kwa macho: simama chini ya taa ya mrija, tazama taswira yake kwenye lenzi. Taswira hafifu ya kijani au zambarau ni dalili njema. Taswira nyeupe na kali kama ya dirishani ni kioo kitupu. Lenzi nyekundu zinazong'aa kama kioo cha kujitazamia zinarudisha nje mwanga mwekundu uliotakiwa kuingia, na picha hutoka ya kijani na yenye giza. Hizo ndizo zinazovutia wanunuzi kuliko zote, na kwa usiku ndizo mbaya kuliko zote.

Tochi. Geuza darubini, mulika kupitia lenzi ya mbele, chungulia ndani kwa pembe. Vumbi kidogo si neno. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu akishakula utando wa lenzi hafutiki. Ukungu wa mafuta au matone ya gundi pia yakufanye uache. Kwa darubini za mtumba kipimo hiki ni cha lazima.

Mwendo wa chuma. Bawaba ya kati ifunguke kwa uzito ulio sawa. Gurudumu la fokasi lisiwe na nafasi ya kucheza kabla picha haijasogea. Bonyeza kila lenzi ya jicho kwa kidole: ikiyumba, kila ukiegemeza uso fokasi itapotea.

Mstari ulionyooka. Tafuta waya wa umeme au ukingo wa paa la bati ulio mita 200 au zaidi. Weka fokasi, kisha vuta darubini taratibu mpaka iwe sentimita 10 kutoka machoni, ukiendelea kutazama. Mstari ukae kimo kimoja kwenye duara zote mbili. Ukipanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, mirija haijalingana. Itakupa kichwa kuuma na huwezi kuirekebisha nyumbani.

### Ukiagiza kutoka Dar

Kutoka Kariakoo hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na mtikisiko wa safari ndio unaoharibu ulinganifu wa mirija. Kabla ya kutuma pesa omba picha tatu: rula juu ya lenzi ya mbele, kiduara cha mwanga kikionekana kwenye lenzi ya jicho, na maandishi ya mwilini. Agiza ifungwe kwa nguo, boksi ndani ya boksi, na mkubaliane kwa maandishi kuhusu kurudisha. Ikifika, pita upya hatua hii yote siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 6: Mtihani wa nyota

Nyota ni nukta, na nukta haijui kuficha kasoro. Ufanye usiku wa kwanza, siku za kurudisha zikiwa bado zipo.

Weka nyota angavu katikati, fokasi kali. Iwe nukta. Ikibaki na miiba au mkia upande mmoja hata ufanye nini, jaribu kwa jicho jingine. Kasoro ikihama na jicho, ni ya jicho lako. Ikibaki pale pale, ni ya darubini.

Sogeza nyota kuelekea ukingoni. Karibu kila darubini huharibika kidogo pembeni. Inayokubalika ibaki na nukta safi mpaka angalau nusu ya njia. Iliyo bora hufika theluthi mbili na zaidi.

Kisha ulinganifu. Zungusha pete iliyo kwenye lenzi ya jicho la kulia mpaka nyota ya upande huo ivimbe iwe kama kisahani cha ukungu, ya kushoto ibaki nukta. Tazama kwa macho yote mawili, tulia. Nukta ikae ndani ya kisahani, karibu na katikati. Ikiwa nje, hasa juu au chini yake, rudisha. Usijidanganye kwamba macho yatazoea. Yatajitahidi kweli kuunganisha picha mbili, na hiyo jitihada ndiyo inayoleta maumivu ya kichwa baada ya robo saa.

Tazama na mwezi. Uzi mwembamba wa zambarau au kijani ukingoni ni wa kawaida kwa bei ya kawaida. Ukungu wa mwanga uliotapakaa duara zima ni kasoro.

## Hatua ya 7: Irekebishe kwa macho yako

Wengi hulaumu darubini ambayo hawajawahi kuirekebisha.

1. Fungua au kunja bawaba mpaka duara mbili ziungane kuwa moja. Zikiwa mbili kama miwani ya sinema, bado.
2. Funika lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja. Macho yote yabaki wazi. Zungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione nyota kama nukta.
3. Funika ya kushoto. Usiguse gurudumu. Zungusha pete ya lenzi ya jicho la kulia mpaka nukta iwe kali.
4. Soma alama ya pete hiyo na uikumbuke. Ni ya macho yako, haibadiliki kila siku.

Kufinya jicho moja badala ya kufunika lenzi huharibu kipimo, kwa kuwa kope hubana na jicho la pili.

## Hatua ya 8: Utulivu

Darubini ya kawaida iliyotulia huonyesha nyota nyingi kuliko ya bei kubwa inayotetemeka. Hapa ndipo faida kubwa hupatikana bila gharama.

Egemea kiti kilicholala nyuma, viwiko vikae kwenye mikono ya kiti. Kama ni mkeka, lala chali. Ukilazimika kusimama, egemea ukuta au mwembe. Shika mirija karibu na mbele, si nyuma karibu na uso.

Fimbo ya ufagio husaidia kuliko inavyodhaniwa: isimamishe chini, shika kichwa chake pamoja na darubini, uzito ushuke ardhini.

Kwa stendi ya kamera, chunguza mbele ya bawaba. Darubini nyingi za mm 50 zina kifuniko kidogo kinachofunguka, na ndani yake kuna tundu la skrubu ya robo inchi. Kinachohitajika ni kipande cha chuma cha umbo la L kinachounganisha tundu hilo na stendi. Chagua cha chuma. Vya plastiki hupinda na kutikisika.

## Hatua ya 9: Usiku wenyewe

Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, kwa hiyo saa ya ukutani huwahi kuliko anga. Jua huzama karibu saa moja jioni au baadaye, na Februari hukaribia saa moja na nusu. Giza kamili huja kama dakika 70 baada ya hapo. Anayetoka saa moja na nusu akarudi ndani amekata tamaa alitoka mapema mno. Subiri saa mbili na nusu.

Ziwa. Siku zisizo na mwezi, wavuvi wa dagaa huwasha taa, na ukiwa Bangwe, Katonga au Kibirizi upande wa maji huonekana kama mji. Siku za mbalamwezi kali mitumbwi mingi hupumzika, lakini hapo mwezi wenyewe unafuta nyota. Suluhisho ni kuchagua siku za giza na kulipa ziwa mgongo: kaa nyuma ya nyumba au mti, tazama mashariki, kusini na juu kabisa.

Macho. Yape dakika 20 hadi 30. Mwangaza mmoja wa simu unakurudisha mwanzo. Tochi ifunikwe kitambaa chekundu. Kitu kilichofifia usikikazie jicho: tazama pembeni yake kidogo, kitajitokeza, kwa sababu sehemu ya katikati ya jicho ndiyo dhaifu gizani.

Mbu. Jipake dawa kabla, halafu nawa viganja kwa sabuni. Dawa zenye DEET huyeyusha plastiki na mpira, na alama za vidole zake kwenye lenzi ni hasara.

Msimu. Juni hadi Septemba mawingu ni machache, ila moto wa nyika hujaza anga moshi, hasa kadiri kiangazi kinavyozidi. Usiku safi kuliko wote ni ule mvua imekatika na mawingu yamefunguka. Usiuache upite.

Vitu vya kupimia mafanikio:

- Mwezi wa nusu. Mashimo yaonekane wazi kwenye mpaka wa nuru na giza. Mwezi mpevu hauna vivuli, ndiyo maana huonekana bapa.
- Mshtarii. Nukta mpaka nne zilizojipanga mstari mmoja ubavuni mwake. Rudi kesho yake, zitakuwa zimehama. Kama huzioni kwa 10x50, tatizo ni utulivu au fokasi.
- Kilimia, kikundi cha nyota zilizosongamana, jioni za Novemba hadi Machi. Macho matupu huhesabu sita hivi. Darubini ionyeshe makumi.
- Msalaba wa Kusini, jioni za Aprili hadi Juni, ukipanda kama digrii 35 upande wa kusini. Kaskazini mashariki yake, tafuta Omega Centauri: haionekani kama nyota bali kama pamba ya mviringo. Ni kundi la nyota nyingi mno, na ni zawadi ya watu wa kusini.
- Nge, kundi la nyota lenye umbo la mdudu huyo, Juni hadi Septemba. Karibu na mwiba wa mkia kuna makundi mawili ya nyota yanayoingia pamoja kwenye upana wa kuona wa 7°.

Usitarajie pete za Zohali (Saturni). Kwa mara 10 sayari hiyo huwa yai dogo tu la manjano; pete zinahitaji ukuzaji mkubwa zaidi na chombo kisichotikisika. Rangi za picha za mtandaoni nazo hazitatokea: jicho gizani huona kijivu.

## Hatua ya 10: Utunzaji

Adui wa darubini kando ya ziwa ni unyevu. Kuvu huota ndani ya mkoba uliofungwa, gizani, mahali pasipo hewa. Ukirudi ndani, iache mezani wazi mpaka umande ukauke wenyewe, ndipo uifunike. Ihifadhi kwenye dumu la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vifuko vikishajaa unyevu havifanyi kazi, vibadilishe. Yenye gesi ya naitrojeni ndani na mihuri ya mpira huzuia ukungu wa ndani, na kwa mtu wa Kigoma nyongeza hiyo ya bei ina maana.

Usifute lenzi kwa kanga, shati au karatasi ya chooni. Chembe ya mchanga wa ufukweni ni ngumu kuliko utando wa lenzi, na ukiiburuza inachora. Puliza kwanza kwa kipulizio, lenzi ikiangalia chini. Yakibaki mafuta ya kidole, tone la maji ya kusafishia lenzi liwekwe kwenye kitambaa, si kwenye kioo, kisha futa kwa mizunguko kutoka katikati kwenda nje bila kukandamiza. Fanya hivyo kwa nadra. Vumbi dogo halipunguzi nyota hata moja, lakini kufuta kila wiki kutaumaliza utando ndani ya miaka michache.

Ikianguka, rudia mtihani wa kisahani wa hatua ya 6 usiku huo huo. Mirija ikihama, usifungue skrubu mwenyewe: mpelekee fundi wa kamera mwenye uzoefu wa lenzi.